Kabla ya kununua baiskeli ya milimani, itazame njia kwanza

KATIKA masoko ya mitumba na maduka ya baiskeli humu nchini, baiskeli inayovutia macho ya wengi ni ile ya milimani. Ina tairi pana zenye meno, usukani ulionyooka, springi mbele na pengine hata nyuma, na gia 18 au 21. Mnunuzi huipeleka nyumbani akiamini kuwa amepata chombo kitakachomudu njia yoyote. Miezi michache baadaye, baiskeli iyo hiyo huonekana imeegemezwa ukutani, springi zimekwama kwa kutu, nyaya za gia zinaning'inia, naye mwenyewe amerejelea kutembea kwa miguu au kulipa nauli ya bodaboda.

Aghalabu tatizo si ubovu wa baiskeli. Baiskeli ya milimani iliundwa kwa kazi mahususi, ilhali wengi wanaoinunua wana kazi nyingine kabisa. Kwa familia iliyoweka kando pesa za mavuno ya msimu mzima ili kijana apate namna ya kufika shuleni, au kwa mfanyabiashara wa maziwa anayetaka kufikisha mitungi sokoni kabla ya jua kuwa kali, kosa hilo ni ghali. Kwa hivyo, swali la kutangulizwa halihusu bei wala rangi. Linahusu njia: baiskeli itapita wapi kila siku, itabeba nini, na ikiharibika itatengenezwa na nani?

Asili ya baiskeli hizi yenyewe ni funzo. Katika miaka ya 1970, vijana wa jimbo la California nchini Marekani walikuwa wakizoa baiskeli nzito za kale zenye tairi pana na kuteremka nazo kwa kasi kwenye njia za vumbi karibu na Mlima Tamalpais. Mnamo 1976 walianzisha mashindano ya mteremko yaliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na adha moja: breki za wakati huo, zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, ikabidi kila baada ya mteremko kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka wa 1977, Joe Breeze aliunda fremu maalumu kwa mchezo huo. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1981, kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, ambayo ni miongoni mwa baiskeli za kwanza za aina hiyo kuundwa kwa wingi na kuuzwa madukani. Kufikia 1996 mchezo huo ulikuwa umeingizwa katika Olimpiki za Atlanta.

Ni dhahiri basi kuwa baiskeli hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu asiye na mzigo, anayeteremka na kupanda njia mbaya kwa kujifurahisha au kushindana. Hakuna aliyewazia gunia la viazi, wala abiria, wala lita 40 za maziwa. Hata hivyo, kuna sehemu zake ambazo zinamfaa Mkenya wa kawaida kuliko anavyofikiri, na nyingine ambazo angefaa kuziepuka kabisa.

Sehemu yenye manufaa makubwa zaidi ni gia, na hapa hesabu ndogo inatosha kueleza. Chukua baiskeli ya kawaida aina ya Black Mamba, yenye gurudumu kubwa la inchi 28 na gia moja tu. Ikiwa ina meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali huisukuma mbele takriban mita 5.4. Kwenye tambarare huo ni mwendo mzuri. Kwenye mwinuko mkali, mwendeshaji hushuka na kuisukuma kwa mikono. Baiskeli ya milimani ya inchi 26, ikiwekwa kwenye gia nyepesi ya meno 22 mbele na 34 nyuma, husonga kama mita 1.3 pekee kwa kila mzunguko. Mwendo ni wa kinyonga, lakini miguu inaweza kuumudu, na mtu hufika kileleni akiwa bado juu ya kiti.

Kwa mkazi wa Murang'a au Nyeri, ambako kila safari ni kushuka bondeni na kupanda mgongo wa pili, tofauti hiyo ndiyo yote. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeishi kwenye vilima vya Machakos, milima ya Taita au nyanda za juu za Kisii. Lakini kwa mkazi wa uwanda wa Kano, wa Mwea, au wa kisiwa cha Mombasa, gia 21 ni mzigo wa bure. Atatumia mbili au tatu, huku nyingine zikikusanya vumbi na kudai kurekebishwa. Nchi tambarare haihitaji zaidi ya gia moja iliyochaguliwa vizuri.

Jambo la pili ni tairi. Tairi pana huhitaji upepo mchache, kwa kawaida paundi 25 hadi 40 kwa kila inchi mraba, na kwa sababu hiyo hulala juu ya mawe madogo badala ya kurushwa nayo. Kwenye changarawe iliyolegea na barabara zenye mikunjo kama ubao wa kufulia nguo, hiyo ni nafuu kubwa kwa mikono na mgongo. Meno ya tairi nayo hushika udongo laini na matope. Lakini meno yayo hayo yakikanyaga lami huvuma, humpunguzia mwendeshaji kasi na kuisha upesi. Mtu anayesafiri kila asubuhi kwenye njia za baiskeli kando ya barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka wa 2012, anabeba adhabu isiyo na sababu akitumia tairi za mlimani.

Habari njema ni kuwa adhabu hiyo huondolewa kwa gharama ndogo. Ringi za baiskeli ya milimani ya inchi 26 hukubali tairi laini, zisizo na meno, zenye upana wa inchi 1.5 hivi. Zikijazwa upepo wa paundi 50 hadi 65, kulingana na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, baiskeli iliyokuwa ikiburutika huwa nyepesi kama nyingine. Yamkini hii ndiyo baiskeli iliyo bora zaidi kwa mfanyakazi wa mjini ambaye nusu ya safari yake ni lami na nusu ni mashimo ya mtaani: fremu ya milimani isiyo na springi, gia nyepesi, na tairi laini pana kiasi. Haina mvuto dukani, na pengine ndiyo sababu bei yake katika mitumba huwa chini.

Hapa ndipo panapofaa kuzungumzia springi, kwa kuwa ndizo zinazowapumbaza wanunuzi wengi. Springi nzuri ya mbele ni mtambo wenye sehemu mbili: kitu kinachobonyea, kiwe ni hewa au chuma, na mafuta yanayotuliza mrudisho ili gurudumu lisirukeruke. Zilizo kwenye baiskeli za bei ya chini aghalabu zina hiyo sehemu ya kwanza pekee. Hubonyea zinapogonga jiwe, kisha humrusha mwendeshaji juu kama mtoto kwenye godoro. Huongeza uzani wa kilo kadhaa, vumbi na maji huingia ndani, na baada ya mvua za msimu mmoja au miwili hushikana kabisa. Baiskeli huwa imebaki na uzito wa springi bila springi.

Za nyuma ni mbaya zaidi. Kila mwendeshaji anapokanyaga pedali kupanda mlima, sehemu ya nguvu zake huishia kubonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu. Viungio vya fremu hulegea na kuanza kulialia. Isitoshe, fremu za aina hiyo nyingi hazina mahali pa kufungia keria, na ile keria inayobanwa kwenye mlingoti wa kiti haikuundwa kubeba mzigo mzito. Inapokatika katikati ya mteremko, anayeumia ni mwendeshaji. Kwa jumla, baiskeli ya bei nafuu isiyo na springi ni bora kuliko ya bei iyo hiyo yenye springi mbili, maana pesa zilizopotelea kwenye springi zingetumika kununua breki, gia na beringi zilizo imara.

Kuhusu mzigo, ukweli ni kuwa baiskeli ya milimani hushindwa na Black Mamba. Fremu ndefu ya Black Mamba, spoki nene na keria ya chuma iliyoshikiliwa hadi kwenye ekseli ndizo zilizowezesha biashara ya bodaboda kuzaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, kabla ya pikipiki kuja kulitwaa jina hilo. Baiskeli aina ya Buffalo, zinazosambazwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka wa 2005, zimefuata mkondo uo huo wa uzito na uimara. Keria yake imeundwa kubeba hadi kilo 100. Mwenye kubeba maziwa, makaa au abiria kila siku hana haja ya kutazama upande wa baiskeli za milimani, isipokuwa mzigo wake uwe mdogo na njia yake iwe ya miinuko.

Lakini Black Mamba ina udhaifu mmoja ambao umewagharimu watu maisha yao, nao ni breki. Vyuma virefu vinavyovuta vipande vya mpira juu ya ringi ya chuma hufanya kazi kwa kiasi siku za kiangazi. Ringi hiyo ya chuma ikilowa, mpira huteleza, na baiskeli huendelea kwenda mbele kana kwamba haikuguswa. Ringi za alumini, ambazo ni za kawaida kwenye baiskeli za milimani, hushikika vizuri zaidi wakati wa mvua. Breki za sahani ni bora hata zaidi kwa kuwa sahani iko mbali na matope ya tairi. Anayeishi Iten, mji ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ambaye huteremka kuelekea bonde la Kerio, anashuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika chini. Kwake yeye, breki ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua baiskeli. Baiskeli yenye breki ya kukanyaga kinyume, iliyofichwa ndani ya kitovu cha nyuma, itamletea adha ile ile iliyowakumba vijana wa Repack.

Breki za mafuta zinahitaji tahadhari moja ambayo mafundi wengi wa vijijini hawajaisikia. Breki za Shimano hutumia mafuta maalumu ya madini, ilhali baadhi ya kampuni nyingine hutumia mafuta ya aina ya DOT yanayofanana na ya gari. Mafuta ya gari yakitiwa kwenye breki za Shimano huharibu mipira yake ya ndani, na breki hukosa nguvu. Mahali ambapo hakuna fundi anayejua tofauti hiyo, breki za sahani zinazovutwa kwa waya, au hata zile za kubana ringi, ndizo za kutegemewa.

Udongo nao una usemi wake. Kwenye udongo mweusi unaonata wa Mwea, Kano na sehemu za Kajiado, hakuna baiskeli inayostahimili masika. Tope hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likome kuzunguka. Baiskeli yenye nafasi kubwa kati ya tairi na fremu hukwama baadaye kidogo kuliko nyingine, na madigadi zilizokaribia tairi huwa ndizo za kwanza kuziba. Katika maeneo kame yenye migunga, kuanzia Magadi hadi Turkana, adui ni mwiba. Huko tairi pana zisizotumia tyubu, zenye maji ya dawa yanayoziba tundu papo hapo, zina faida ya kweli, ila dawa hiyo hukauka baada ya miezi kadhaa na haipatikani kila duka. Pwani, chumvi ya bahari hula mnyororo na springi kwa kasi, na mchanga mlaini wa Lamu humwangusha hata mwenye tairi pana za kawaida.

Kuna wale ambao kwao baiskeli ni mchezo na burudani, na hao ndio ambao baiskeli ya milimani iliumbiwa. Katika mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mojawapo ya mbuga chache ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyama, njia nyingi ni za vumbi na changarawe. Msitu wa Karura jijini Nairobi una njia zilizotengwa kwa baiskeli. Kwa njia kama hizi, springi ya mbele pekee yenye uwezo wa kubonyea milimita 100 hadi 120 inatosha na kubaki. Baiskeli zenye springi za milimita 150 na zaidi, mbele na nyuma, zimekusudiwa miteremko ya mawe makubwa na mizizi. Pembe ya uma wake wa mbele imelazwa sana ili zitulie zikiwa kasi, na kwa sababu hiyo hizo hizo huyumbayumba zinapopanda polepole. Mtu wa Karura anayenunua baiskeli kama hiyo amenunua gwanda la vita kwenda kuchuma mboga.

Kati ya baiskeli ya lami na ya milimani sasa kuna aina ya tatu: baiskeli ya changarawe, yenye usukani uliopinda kama wa mashindano lakini tairi za milimita 38 hadi 45. Mashindano ya Migration Gravel Race, yaliyoanza mwaka wa 2021 katika eneo la Maasai Mara, yameitangaza humu nchini. Kwa barabara ndefu za murram zisizo na mawe makubwa, huenda kasi kuliko ya milimani. Bei yake bado iko juu, na katika mitumba ni nadra.

Saizi ya gurudumu ni suala ambalo wauzaji hulipamba kupita kiasi. Baiskeli mpya za milimani huja na gurudumu la inchi 29, ambalo huvuka mashimo kwa urahisi zaidi, au la 27.5. Zile za inchi 26 zimeacha kuundwa kwa wingi kwa ajili ya wanamichezo. Hata hivyo tairi na tyubu za inchi 26 zimejaa katika maduka ya mashambani, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu za 27.5. Vivyo hivyo kwa gia: mnyororo mwembamba wa gia 12 ni wa kisasa na unapendeza, lakini ukikatika Kapenguria au Mutomo, huenda usafiri wa kwenda kuutafuta ukagharimu zaidi ya mnyororo wenyewe. Gia sita au saba za nyuma bado zina vipuri kila mahali.

Anayenunua ya mitumba ana mambo machache ya kukagua kabla ya kutoa pesa. Aangalie chini ya fremu pale bomba kuu linapoungana na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba hapo ni dalili ya ufa, na fremu ya alumini yenye ufa haishonwi kwa fundi wa kawaida. Ainue kila gurudumu na kulizungusha, kisha alitikise upande hadi upande. Likicheza, beringi zimekwisha au zinahitaji kukazwa. Kwa mnyororo atumie rula: aweke sufuri katikati ya pini moja, na kwenye alama ya inchi 12 pini nyingine iangukie barabara. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo unafaa kubadilishwa. Ikizidi kwa moja ya nane, yamkini umekwisha kula meno ya gia pia, na gharama ya kuvibadilisha vyote iondolewe katika bei wakati wa kupatana.

Mwisho ni kimo. Baiskeli za mitumba hutoka nchi ambazo watu wake wengi ni warefu, na wanunuzi huchukua kubwa mno kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mnunuzi asimame akiwa ameiweka katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini. Kwa baiskeli ya milimani, bomba la juu liwe chini ya kinena kwa inchi mbili au tatu, maana kwenye njia mbaya mtu hushuka ghafla bila kupanga. Kisha akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kilicho chini ya hapo ndicho kinachowafanya watu wengi walalamike magoti, wakadhani ni umri.

Kwa ambaye bado hajaamua, kwenye lango la Hell's Gate kuna baiskeli za milimani za kukodi kwa siku. Itamfaa zaidi akiazima ya jirani kwa asubuhi moja na kupita nayo njia yake mwenyewe, na mzigo wake mwenyewe, kwenda na kurudi.